Neno la Kigeni Nalo Lipewe Jembe

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)



Juma hili nina neno moja tu la kuzungumza nanyi, na neno lenyewe ni floraidi. Mkazi wa Arusha hana pa kulikwepa. Redio ikitangaza dawa ya meno, floraidi inasifiwa. Akienda zahanati na mtoto mwenye meno ya kahawia, floraidi inalaumiwa. Akipita penye kituo cha maji atalikuta limeandikwa kwenye kibao, pengine floraidi, pengine floridi, pengine kwa tahajia ya Kiingereza herufi kwa herufi. Mama mmoja mtu mzima, mkazi wa Maji ya Chai, aliwahi kuniuliza: "Mwanangu, hiyo floraidi ni dawa au ni sumu?"

Swali hilo lina maana kuliko hotuba nyingi nilizozisikia juu ya lugha yetu. Kwa kawaida tukizungumzia maneno ya sayansi yaliyotoka Ulaya, tunagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linataka kila neno la Kizungu lifukuzwe, tutunge la kwetu. Kundi la pili linasema sayansi imeandikwa kwa Kiingereza, basi tuichukue na maneno yake yalivyo, tusijisumbue. Makundi haya hugombania asili ya neno. Yule mama hakuuliza neno limetoka wapi. Alitaka kujua linamfanyia nini mjukuu wake.

Basi tumjibu yeye kwanza, ndipo turudi kwenye lugha.

Mlima Meru ni mlima wa volkeno. Miamba na majivu uliyoyatema zamani yana madini ya floraidi kwa wingi. Maji ya mvua yanapozama ardhini na kupita katikati ya miamba hiyo, huyayeyusha madini na kutoka nayo kwenye chemchemi na visima. Ndiyo maana sehemu nyingi za miteremko ya Meru, na hasa upande wa Maji ya Chai na Ngurdoto hadi kwenye Maziwa ya Momela, maji yake yana floraidi iliyozidi kiasi. Si kila chemchemi iko hivyo. Ziko zenye maji mazuri kabisa, na huenda chemchemi mbili za jirani zikatofautiana sana, kwa kuwa kila moja imepita njia yake chini ya ardhi.

Floraidi kidogo huimarisha meno. Kwa hiyo hutiwa katika dawa ya meno, ambayo mtu hupigia mswaki na kuitema. Lakini ikizidi katika maji ya kunywa, mtoto ambaye meno yake ya ukubwani yangali yanajijenga ndani ya ufizi huyaota yakiwa na madoa, tena ya kahawia. Ikizidi sana, na kwa miaka mingi, hugusa mifupa: mgongo hukakamaa, viungo huuma, na watoto wengine hupinda miguu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa maji mengine yalikuwa haba, kabla ya kuteremka kwenye hiyo 1.5.

Miligramu moja na nusu ni kiasi gani? Chukua kijiko kidogo cha chai, kijaze chumvi. Hapo pana gramu kama 6. Iyeyushe chumvi hiyo katika matangi manne ya lita 1,000 kila moja. Ukionja hutahisi chochote, na kumbe umefika kwenye miligramu 1.5 kwa lita. Kwa hiyo jibu la yule mama ni kwamba floraidi ni dawa na ni sumu, na kinachoamua ni kipimo. Wahenga wetu hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Mganga yeyote wa miti shamba analijua.

Sasa, ndugu wasikilizaji, hapa ndipo lugha inapoingia.

Tumefundishwa kwa miaka mingi, na tumefundishwa vizuri, kwamba maji ya kunywa yachemshwe. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Mama akisikia kwamba maji ya kwao yana kitu kibaya kiitwacho floraidi, hufanya alichofundishwa. Hubandika sufuria, huchochea kuni, huyaacha maji yatokote sawasawa. Lakini floraidi si kijidudu, wala haina uhai wa kuuawa. Tabia yake ni kama ya chumvi. Ukichemsha maji ya chumvi, mvuke huondoka na chumvi hubaki sufuriani. Tena yale maji yaliyobaki huzidi kukolea. Mama huyo amemaliza kuni zake, na mwanawe anakunywa kile kile alichokikimbia.

Msije mkasema huo ni ujinga wa mama. Bakteria nalo ni neno la Kizungu, lakini lilipofika nyumbani kwake lilikuja na maelezo: kiumbe hai, kidogo mno, hakionekani kwa macho, hufa kwa moto. Floraidi ilikuja peke yake, bila wa kuisindikiza. Na macho hayamsaidii. Wenyeji waliuona mto ule una rangi ya chai wakauita Maji ya Chai, na jina likaeleweka mpaka leo. Floraidi haina rangi wala harufu ya kumfanya mtu aipe jina.

Tazameni, kwa upande mwingine, jinsi neno linaloeleweka linavyofanya kazi. Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi katika maji. Chombo kikubwa cha kazi hiyo ni mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa, husagwa punje punje, na maji hupitishwa humo yaache floraidi yake. Sijakutana na mtu aliyehitaji kamusi ili aelewe mkaa wa mifupa ni nini. Iko pia njia ya kutumia shabu na chokaa, na shabu tunaifahamu toka enzi za mabibi zetu, waliokuwa wakiitumia kutuliza tope la maji ya mtungi.

Hapo nadhani wale wa kundi la kwanza wanapiga makofi: si unaona, maneno yetu yanatosha! Hapana, wasiharakishe. Shabu si neno letu la asili. Ni la Kiarabu. Zebaki vilevile. Kiberiti nacho ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ilikuwa ile dawa ya manjano inayonuka ikiungua. Zilipoingia njiti za kuwashia moto, zikalinyakua jina hilo, na walimu wa kemia walipotaka kuitaja ile dawa yenyewe ikabidi wakope tena, safari hii Ulaya, wakaleta salfa. Maneno haya yalikuja na majahazi, pamoja na vitu vyenyewe, na leo hakuna anayeyadai hati ya kusafiria.

Nendeni shambani kwa mkulima wa kahawa. Ugonjwa unaooza buni changa anauita chulebuni. Ule wa majani anauita kutu ya majani, kwa kuwa ameuona unavyofanana na kutu ya bati. Na ule unaokausha mbuni mzima anauita mnyauko fusari. Hilo la mwisho ni Kiswahili na Kilatini vilivyofungwa nira moja: mnyauko ni wetu, fusari ni jina la kuvu walilolitoa wataalamu wa Ulaya. Jina hilo halimpi mkulima taabu, kwa sababu nusu ya kwanza inamwonyesha anachokiona shambani, na nusu ya pili inamwongoza dukani anapotafuta ushauri.

Au chukueni virusi. Neno hili lilipofika kwetu, Kiswahili kilitazama sauti ile ya mwanzo kikasema, aa, huyu ni wa ukoo wa vitu, vitabu na viazi. Basi vikiwa vingi ni virusi, kikiwa kimoja ni kirusi. Wazungu hawakutufundisha hivyo. Ndivyo ilivyokuwa kwa kitabu, ambacho Waarabu hawakukitoa kwao kikiwa na wingi wa vitabu. Lugha yenye afya haimeng'enyi neno geni kwa kuomba ruhusa. Na tulipotaka kutunga tulitunga: UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, ni neno lililojengwa kwa matofali yetu wenyewe, likaenea mpaka kijiji cha mwisho. Kisha tukasema virusi vya UKIMWI, la kukopa na la kutunga kwa pamoja, na hapakutokea ugomvi.

Kwa wakazi wa mjini mfano uko karibu zaidi. Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900, tangu 1987 ni makumbusho ya taifa, nayo kwa Kiswahili huitwa Makumbusho ya Elimu Viumbe. Elimu viumbe ni jina zuri. Mtoto wa darasa la tatu akilisikia anajua ataona habari za viumbe. Lakini mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipochapa kamusi yake ya istilahi, iliiita Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Wataalamu walichagua biolojia. Je, tuwagombanishe? Mimi naona yote mawili yana kazi. Elimu viumbe linamwelekeza mgeni wa makumbusho mlangoni, na biolojia linamwunganisha mwanafunzi na wenzake wa dunia nzima.

Jambo hili halikutukuta sisi peke yetu. Ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi iko lugha ambayo maisha yake yanafanana mno na ya Kiswahili. Ni Kimalei, kilichokuwa lugha ya bandari na biashara, kikapokea Kiarabu kingi, kisha kikagawanywa na wakoloni: upande wa Indonesia ukatawaliwa na Waholanzi, na upande wa Malaysia na Waingereza. Wamalaysia zamani waliita biolojia kaji hayat, yaani uchunguzi wa uhai, na hilo hayat mnalitambua, ni ndugu wa uhai na uhayati wetu. Waindonesia waliifuata lugha ya Kiholanzi neno kwa neno: oksijeni wakaiita zat asam, kitu cha uchachu, haidrojeni wakaiita zat air, kitu cha maji.

Sikilizeni lakini kilichomo ndani ya hicho kitu cha uchachu. Jina oksijeni lilitungwa na Mfaransa Lavoisier katika karne ya 18 kutokana na Kigiriki, naye alimaanisha mzaa uchachu, kwa sababu aliamini kila asidi lazima iwe nayo. Baadaye ikadhihirika kwamba sivyo. Ziko asidi zisizo na oksijeni hata chembe. Waholanzi walikuwa wameshaitafsiri kasoro hiyo katika lugha yao, na Waindonesia wakairithi. Siku hizi wanasema oksigen, na Wamalaysia vilevile. Kaji hayat limekuwa biologi pande zote mbili. Kumbe wakati mwingine neno geni lisilosema chochote ni salama kuliko tafsiri inayosema lisilo kweli.

Na floraidi yenyewe? Chimbuko lake ni neno la Kilatini lenye maana ya kutiririka, kwa kuwa wafua chuma wa zamani walikuwa wakitia jiwe lenye madini hayo tanuruni ili chuma kiyeyuke na kutiririka upesi. Hapo hakuna meno, hakuna mifupa, hakuna kisima. Mwingereza naye hazaliwi akijua fluoride ni nini. Hufundishwa, kwa lugha ya mama yake, mpaka neno likamkaa.

Lakini la kujifunza hasa kwa ndugu zetu hao ni lile walilolifanya mwaka 1972. Indonesia na Malaysia zilikubaliana tahajia moja, na mwaka huo huo zikaunda baraza la pamoja la lugha, ambalo Brunei ilijiunga nalo mwaka 1985. Baraza lilikaa na kupitia istilahi za sayansi, moja baada ya nyingine. Kwa hiyo leo mtu wa Jakarta na wa Kuala Lumpur wote huandika fluorida. Sisemi mambo yao yote yamenyooka. Malaysia mwaka 2003 ilianza kufundisha hisabati na sayansi kwa Kiingereza, na mwaka 2009 ikatangaza kurudi nyuma, baada ya mabishano makubwa. Lakini walibishana wakiwa na vitabu vya lugha yao mkononi.

Nasi tulianza vizuri. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Watoto wetu wa shule za msingi wakasoma sayansi kwa Kiswahili. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza sekondari nazo zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Hata leo, mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma usanisinuru darasani, na akiingia kidato cha kwanza anakutana na kitu kile kile kwa jina la Kiingereza, na maelezo yake kwa Kiingereza, na mtihani kwa Kiingereza.

Matokeo yake ni nini? Kijana wa Maji ya Chai anafundishwa floraidi sekondari. Anakariri, anajibu mtihani, anafaulu. Akirudi nyumbani likizo anamkuta mama yake amebandika sufuria ya maji, na pembeni anatia magadi kwenye makande yalainike upesi. Magadi hayo nayo mara nyingi yana floraidi. Kijana analijua jambo hilo, lakini amelijua katika lugha isiyokaa jikoni kwao. Analo kichwani na hana maneno ya kulitolea. Hapo gharama ya lugha hailipwi na mwanafunzi peke yake, bali na mdogo wake anayeota meno.

Wale wanaosema haiwezekani kufundisha mambo ya kitaalamu kwa Kiswahili, nawaalika tufuatane mpaka gereji za Unga Limited. Huko kuna kabureta, klachi, gia, breki na shokapu. Maneno yote hayo yametoka Ulaya. Lakini fundi anamweleza kijana wake kwa Kiswahili: hii ndiyo klachi, kazi yake ni hii, ikilika utasikia hivi, ukiifunga vibaya itakuwa hivi. Baada ya mwaka mmoja kijana anaifungua gia boksi na kuirudisha. Jina ni geni, maelezo ni ya kwao, kifaa kiko mkononi. Mambo matatu hayo yakikutana, hakuna neno linaloshindikana.

Kwa hiyo mimi siombi floraidi itafutiwe jina la Kibantu. Naomba mambo matatu.

La kwanza, iandikwe namna moja. BAKITA ipo, na kazi hiyo ni yake kisheria. Kibao cha maji, karatasi ya zahanati, kitabu cha shule na pakiti ya dawa ya meno viseme neno moja kwa herufi zile zile, ili mama ajue ni kitu kimoja kinachozungumzwa.

La pili, neno lisiachwe peke yake. Kila linapoandikwa, liandikwe na sentensi mbili za Kiswahili cha kawaida: haya ni madini yaliyoyeyuka kama chumvi, kuchemsha hakuyaondoi, mtoto apewe maji ya mvua, au ya chanzo kilichopimwa, au yaliyochujwa. Sentensi hizo hazizidi upana wa kibao.

La tatu linawahusu wasomi wetu. Pale Tengeru tunayo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Mmoja wa wanasayansi wake, Dakta Askwar Hilonga, mwaka 2015 alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na taasisi ya Uingereza, kwa chujio la maji ambalo huondoa hata floraidi. Ni fahari yetu. Makala ya kazi kama hizo huandikwa Kiingereza ili zisomwe duniani, na ni haki yake. Naomba kila makala iwe na ndugu yake wa kurasa mbili kwa Kiswahili, asomewe mwenyekiti wa kitongoji na kamati yake ya maji. Hao ndio wanaoamua bomba lichimbiwe wapi.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Floraidi imekaa nasi zaidi ya siku tatu. Imekaa katika maji yetu tangu mlima ulipotema majivu, na katika midomo yetu kwa miongo kadhaa. Tusiifukuze na tusiiabudu. Tuipe jembe ikalime: ifanye kazi ya kumwambia mzazi kisima kipi ni cha kunywa na kipi ni cha kufulia.